Kopo la Nyibol

Nyibol hakuitikia salamu kabla ya kuchovya mikono majini. Alitembea kambini Kakuma na kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa mdomo, lenye maji kidogo, ya kufika kwenye vifundo vya mikono tu. Akichovya alifumba macho, mabega yakashuka, kisha akasema, "Sasa. Salama, mwalimu."

Wanawake wa mtaa wake walimwita Padri. "Padri anabatiza vidole tena," walisema bombani, naye akacheka nao, kwa sababu kucheka kulikuwa rahisi kuliko kueleza.

Mimi alinieleza mwaka 1995, nilipokuwa nikiwafundisha kusoma. Siku kijiji chao huko Sudan kilipovamiwa, alisimama kwenye matete ya mto tangu asubuhi hadi giza, bintiye Ayen mgongoni, maji kifuani. Waliobaki nchi kavu walikufa. Tangu hapo, lango likibamizwa au mtu akipuliza filimbi, kifua kilimbana, masikio yakaziba, akaona anakufa palepale. Zahanati ilimpa vidonge vya usingizi. Dawa ya maji aliigundua mwenyewe: yakigusa mishipa ya mikono, pumzi ilirudi. Ayen, wa miaka minane, naye alikuwa ameanza kuchovya akigombezwa.

Mwaka uliofuata wakimbizi walihesabiwa upya, nasi walimu tukaajiriwa kusaidia. Watu waliingia ndani ya uzio alfajiri, wakapakwa wino mkononi, wakaketi juani mpaka wote wapakwe. Jioni walitoka mmoja mmoja. Mwenye alama alipewa kadi mpya ya chakula. Asiye nayo hakupewa, kwa kuwa wapo walioifuta ili wahesabiwe mara mbili. Wino wenyewe ulikuwa umezimuliwa kwa maji ili utoshe, nasi tulijua.

Nyibol nilimpaka kwa mkono wangu. "Leo usichovye," nikamwambia.

Alivua kitambaa cha kichwa, akakifunga juu ya kopo mafundo mawili. "Nimefunga, mwalimu. Leo mimi si Padri."

Saa nane mchana wanaume wawili waligombania kivuli. Filimbi zikalia, lango la bati likabamizwa. Ayen aliniambia baadaye kwamba mama yake hakuyafungua yale mafundo. Alikirarua kitambaa kwa meno.

Langoni jioni, askari mmoja, Lomunokol, aliugeuza mkono wa Nyibol mara mbili. "Mama, umeosha."

"Filimbi," alisema Nyibol. "Filimbi imelia."

"Imelia kwa wote. Ni wewe tu mkono unasikia kiu?"

Foleni ikacheka. Jirani yake mmoja, nyuma yake, akasema, "Misa imeisha, Padri. Songa."

Nyibol akaninyooshea kidole mezani nilipoketi. "Huyu mwalimu amepaka mimi."

Msimamizi wa hesabu akanitazama. "Unamkumbuka?"

Alikuwa ametuonya asubuhi kwamba karani atakayemtetea mtu aliyefuta atafukuzwa naye. Nilisema nimepaka watu wengi.

Kadi yake ya zamani ilikatwa kwa makasi mbele yake. Ayen, ambaye alama yake ilionekana vizuri, aliandikwa kwenye kadi ya Adhar, shangazi yake. Nyibol alikula kwa Adhar wiki tatu, mpaka Adhar alipomshika Ayen mkono na kumwonyesha mama mtu jinsi ulivyokonda. Nyibol hakugomba. Alimwacha mtoto kwenye chakula, akapanda lori la mkaa kwenda Lodwar.

Nilimkuta huko mwaka 1998, nyuma ya hoteli moja, akiosha sufuria. Mikono ilikuwa ndani ya beseni tangu asubuhi, vidole vimepasuka, sabuni ikiingia kwenye nyufa. Nilimsalimu. Akaitoa mikono kwenye maji yale machafu, akaichovya kwenye kopo lililokuwa kando ya mguu wake, akafumba macho.

"Sasa. Salama, mwalimu."

Nikaanza kumwomba radhi. Aliniacha nimalize, kisha akauliza kama bado nafanya kazi Kakuma. Nikasema ndiyo, narudi Jumatatu, na mwezi ujao watu watahesabiwa tena.

"Ndani ya uzio?"

"Ndani ya uzio."

"Na wino?"

"Na wino."

Mwenye hoteli alikuwa akimwita, sahani zimekwisha. Akainama tena kwenye beseni.

"Mwambie Ayen asichovye mikono," akasema.