Soksi za Askari wa Roma

Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilirudishiwa insha yangu kuhusu jeshi la Roma ya kale. Nilikuwa nimewanukuu waandishi wa zamani waliosifia majemadari, nikaeleza michongo ya mnara wa ushindi, nikajiona bingwa. Mhadhiri akaandika kwa wino mwekundu: "Askari wako hawali, hawalali, hawaumwi miguu?" Akanielekeza kwenye vibao vyembamba vya mbao vilivyofukuliwa katika ngome moja kaskazini mwa Uingereza. Kimoja ni barua inayomwarifu mtu kwamba ametumiwa soksi na chupi. Nilicheka, halafu nikanuna. Soksi nazo ni historia?

Wiki hiyohiyo akafariki baba mkubwa, mwanajeshi mstaafu, kwake Temeke. Kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo, nikapewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Niliunyoosha ukanyooka: kuzaliwa, kujiunga, vyeo, nishani. Nilipomsomea mama mkubwa, mjane wake, aliitikia kwa kichwa tu, akarudi kutazama mkeka. Ilikuwa siku ya tatu tukisubiri ndugu kutoka Lindi, naye hajala wala kusema neno. Niliogopa tutazika wawili.

Ndipo wakaingia watani, wale ambao mila inawaruhusu kumkejeli marehemu mbele ya wafiwa. Mama mmoja wa makamo alivaa kofia na buti za baba mkubwa, akachechemea mguu wa kushoto, akafoka: "Nani kala ukoko wangu? Hii hujuma!" Kisha akaketi, akajifanya anashona soksi, ulimi nje. "Mke wangu hajui sindano, sie jeshini tulifundishwa!"

Msiba mzima ukaangua kicheko. Mama mkubwa akainua uso.

"Muongo wewe," akamwambia. "Ulimi alikuwa anautoaga upande wa kulia."

Akacheka hadi machozi yakamtoka, kisha akaomba uji.

Nilikimbilia nyuma ya nyumba, kwenye masufuria ya wapishi, nikauandika wasifu upya. Insha ya Roma ningeirekebisha baadaye, ila swali la mhadhiri tayari nilikuwa nimelielewa. Vyeo vyote nikavibana katika mstari mmoja. Nikaweka ukoko, sindano, ule mguu, na asubuhi alizotukagua kucha sisi watoto kabla ya chai. Nakiri nilikuwa na furaha isiyofaa msibani.

Makaburini nilipoanza kusoma habari za ukoko, mzee mmoja wa kanisa alikohoa kwa kunionya. Nikaendelea hadi mwisho. Mama mkubwa akanishika mkono.

"Huyo ndiye mume wangu," akasema. "Sasa mzikeni."