Spika ya Jikoni

Shangazi yangu alipokea simu za watu kwa miaka thelathini na moja. Sizungumzii simu hizi za mkononi. Nazungumzia ile meza ya mapokezi ya hospitali kubwa, ambako mtu huketi kutwa na visikizio kichwani akiunganisha huyu na yule. Aliyefiwa anapiga, aliyepata mjukuu anapiga, mlevi anapiga kuuliza saa. Shangazi aliwajibu wote kwa upole, akastaafu na ngozi ngumu nyuma ya sikio la kushoto na haja moja tu maishani, ambayo hakuona aibu kunieleza. Alitaka kukaa jikoni kwake, achambue maharage yake, asisikie sauti ya mtu.

Haja hiyo aliipata kwa miezi minne. Aliyeikatiza ni mimi.

Wakati huo nilikuwa nakaa chumba cha uani kwao, kwa kuwa shule niliyofundisha ilikuwa karibu. Mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo, alinipigia kuuliza hali ya wazee. Mimi na kidomodomo changu nikamwambia wazima, ila nyumba imepoa mno, mama yako anashinda kimya kama yuko msibani. Nilitaka tu kuonekana najali. Binamu yangu alikuwa na majuto ya kukaa mbali, na mtu mwenye majuto usimwonyeshe pengo. Mwezi uliofuata yakaletwa maboksi sita: amplifaya, spika, sabufa na waya wa kuzungushia nyumba mara mbili.

Aliyeyapokea mlangoni ni mume wa shangazi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Gia. Alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, siku tatu nne peke yake na redio. Kwake yeye kimya maana yake gari limezimika porini. Alipoona yale maboksi alicheza hapo hapo kwenye kibaraza, na magoti yake mabovu. Msimwone mtu mbaya. Ni mzee ambaye akimenya chungwa, kipande cha kwanza ni cha mkewe, na cha pili pia. Angekuwa mbaya, mambo yangekuwa mepesi zaidi.

Fundi alikuwa mwembamba, bisibisi mfukoni, maneno machache. Alifanya kazi siku mbili. Spika mbili sebuleni, moja chumbani, moja kibarazani. Kila alipomaliza moja aliiziba kwa kiganja, akaachia, akasikiliza, akaziba tena, kama daktari anayepima kifua. Ikabaki moja. Akauliza iende wapi, na shangazi akawahi kusema ikae stoo, huenda ikahitajika siku nyingine.

"Jikoni," akasema Mzee Gia. "Mama watoto asiwe peke yake huko."

Alilisema kwa upendo kiasi kwamba jirani aliyekuja kushangaa alijishika kifua. Shangazi akanitazama. Nilikuwa nimeshika ngazi ya fundi, na nilichofanya ni kutabasamu. Spika ikapigwa misumari juu ya kabati la vyombo.

Tangu siku hiyo nyumba haikunyamaza. Taarifa ya habari, mpira, mahubiri, matangazo ya magodoro, muziki, tena taarifa ya habari ile ile. Kitufe cha sauti kilikuwa kimoja, kwenye amplifaya sebuleni, kando ya kiti cha mzee. Jikoni hapakuwa na cha kuzimia. Shangazi akiomba apunguziwe, alipunguziwa mara moja na kuombwa radhi. Baada ya robo saa mkono wa mzee ulisahau, ukaipandisha tena. Kuipinga spika yenyewe hakuweza. Ni zawadi ya mtoto, na mama atakayesema zawadi ya mwanawe inamwumiza masikio atazungumzwa mpaka kwenye harusi za watu. Alipojaribu kuwagusia ndugu zake wa kike, walimkata kauli: wenzio wanalilia waume wasiojua hata jiko liko wapi, wewe unalilia muziki?

"Nilitoka kwenye ile meza," aliniambia, "wakanifuata nayo nyumbani."

Nikacheka. Nikamwambia atazoea.

Jumanne moja mzee akiwa ametoka kwenda kunyoa, shangazi alipanda kigoda na mkasi wa kushonea na kuukata waya wa spika yake nyuma ya kabati. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wake yeye ulitoka mahali asipopategemea. Kule kwenye meza ya hospitali, mafundi wa simu walikuwa wamemkanya kwa miaka yote asiache waya uliokatika ukining'inia: zisokote ncha zake pamoja, zichomeke pembeni, mtu asijikwaruze. Mkono ukafuata mazoea. Akazisokota zile ncha mbili, nyekundu na nyeusi, akazisukuma ukutani na kushuka. Mtu wa spika angejua kwamba ametengeneza shoti. Amplifaya ilijizima kujiokoa, ikabaki na taa moja nyekundu ikikonyeza, na badala ya spika moja zikafa zote.

Tulipata siku tatu. Mzee Gia alibonyeza kila kitufe, akapuliza vumbi, akaipiga amplifaya kofi la kirafiki kama alivyokuwa akilipiga boneti. Iliposhindikana alihamia jikoni, akakaa kwenye kigoda, akamsimulia mkewe habari za madaraja na milima aliyowahi kuipanda na mzigo wa saruji. Shangazi alimsikiliza. Hilo halikumsumbua, kwa sababu mtu akisimulia hufika mahali akanyamaza. Siku hizo nilimwona ana uso mwingine, mashavu yamelegea, na akanisahihishia hata daftari za wanafunzi wangu bila kuombwa.

Siku ya nne fundi alikuja. Alichomoa spika zote kwenye amplifaya, akaanza kuzirudisha moja moja. Sebuleni, sawa. Chumbani, sawa. Kibarazani, sawa. Alipochomeka ya jikoni, taa nyekundu ikarudi. Akaja jikoni tulipokuwa mimi na shangazi, akasogeza kabati, akaingiza kichwa nyuma yake na kukaa huko kitambo. Alipotoka alikuwa ameshika zile ncha mbili kati ya vidole.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "panya hutafuna. Huu umekatwa."

Shangazi hakukana. Aliweka sufuria chini, akafuta mikono, akamsogelea.

"Mwambie imekufa," akasema. "Hii moja tu. Hizo nyingine aziache zipige mpaka achoke. Mimi nataka chumba kimoja."

Fundi alimtazama, akanitazama na mimi. Naamini alikuwa anatafuta namna ya kulisema hilo, lakini Mzee Gia alikuwa tayari mlangoni, kijiti cha meno mdomoni, anauliza tatizo limeonekana au bado. Mkono wa fundi ulikuwa na waya. Mkasi ulikuwa juu ya meza, wazi kabisa. Akasema neno la kwanza lililomjia la kumficha yule mama.

"Panya, mzee."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Mzee Gia, akacheka. Kisha akafikiri kama dereva, maana dereva aliyepata pancha mahali, akirudi hapo hupita akiwa amejiandaa. Akaagiza waya mpya upitishwe ndani ya bomba la plastiki, na bomba lifukiwe ukutani. Fundi alijaribu kusema si lazima. Mzee akasema mke wake hawezi kukatiwa muziki na panya. Kesho yake ukuta ulichimbwa kwa patasi kutoka sebuleni hadi jikoni, bomba likalazwa, likapigwa plasta. Fundi alifanya kazi hiyo bila kumtazama shangazi hata mara moja. Alimwonea huruma, na huruma yake ndiyo iliyomfungia. Hasira niliyonayo mpaka leo sijui nimpe nani kati yetu.

Plasta ilipokauka, shangazi alipiga moyo konde. Tulikuwa mezani mchana, sote watatu, spika tano zikiimba.

"Baba watoto," akasema, "hakukuwa na panya. Waya niliukata mimi. Nimechoka na kelele."

Mzee Gia alimtazama, kijiko hewani. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, akapiga meza, akaniuliza kama nimewahi kumsikia shangazi yangu akitania hivyo, huyu huyu aliyekaa kimya miaka yote. Alifurahi kweli. Kuanzia siku hiyo alimwita Panya Wangu, mbele ya wageni, mbele ya mchungaji, hata kwa binamu yangu kwenye simu, na kila mtu aliipenda hadithi ile. Mimi niliyekuwa jikoni, niliyeuona mkasi, niliendelea kula. Mdomo wangu uliokuwa mwepesi kumwaga maneno ng'ambo siku ile uliona chakula ni kitamu.

Shangazi hakulirudia. Alianza kuoga muda mrefu. Mwanzoni nusu saa, baadaye saa nzima. Siku moja nilimpelekea taulo alilosahau, akafungua mlango kidogo. Alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, nguo zote mwilini, mkavu, mikono mapajani. Akapokea taulo na kushukuru.

Jumapili asubuhi Mzee Gia akasimama nje ya mlango huo, akatega sikio, akasikitika.

"Anakaa peke yake humu," akaniambia. "Mpigie fundi, mwanangu. Muulize kama kuna spika zisizoingia maji."

Safari hii nilisema. Nilimwambia shangazi hataki spika, hakutaka hata ile ya jikoni, na waya aliukata yeye, mkasi niliuona kwa macho yangu. Mzee akanigusa bega, akatabasamu kwa upendo wote alionao.

"Na wewe amekuambukiza utani," akasema.

Nikabaki nimeshika simu. Sauti ya shangazi ikatoka ndani ya bafu, ya kawaida kabisa.

"Mpigie tu, mwanangu. Usimchoshe mzee."

Nikampigia. Fundi akasema zipo, na atakuja Jumamosi.