Chini ya Zege Jipya

Mreno aliyewafundisha akina Mildred usanifu wa majengo hapo Durban alikuwa na mazoea yaliyomnyima binti huyo usingizi. Siku ya kuondoa miti iliyoshikilia zege jipya, watu wote waliposogea kando, yeye alitembea hadi katikati, akavua kofia, akasimama chini ya paa akilitazama. Alifanya hivyo kwa kila jengo. Njiani alipapasa nguzo kwa vidole vyake vyenye madoa ya wino, kama daktari apapasavyo tumbo la mgonjwa, na akisema neno, sauti ilikuwa ya chini mno hata ukalazimika kumwinamia. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona akiwa na hofu.

Leo paa lilikuwa la Mildred mwenyewe, kivuli cha wauza mitishamba wa soko la Warwick, na Mreno alishasimama katikati.

"Njoo," alimwita. "Aliyechora husimama hapa."

Mildred alikwenda. "Prof, na kama nilikosea hesabu?"

Mreno akavua kofia. Peguy, fundi Mkongo, alipaza sauti: "Watu yote mutoke! Tunaanza!"

Nyundo ikagonga, mti wa kwanza ukaanguka, na vumbi likawamwagikia vichwani. Hapo Mreno akamshika Mildred mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi, kimelowa jasho, kikitetemeka kuliko cha Mildred.

Miti mingine ikaanguka mmoja baada ya mwingine. "Iko bado moja!" Peguy aliita.

"Usiniachie mkono," Mreno alinong'ona.