Ngozi ya Kukhu Ayuma na Mkoba Wenye Jepkorir Alienda Nao

IMEIVA! Wasee, ngozi ya Kuka imeiva! Nimekata pembeni na wembe mimi mwenyewe, kahawia mpaka ndani, hakuna mstari mweupe!

Kuka ni babu yangu, Osundwa, wa hapa Khwisero. Alikuwanga anatengeneza ngozi na Kukhu Ayuma, nyanya yangu. Wanaloweka kwa pipa la maji ya magome ya mti wa muwati tu. Dawa za duka Kukhu alikataa, juu hayo maji yanaishia kwa mto wetu.

Kukhu alituacha miaka tatu sasa. Tangu hapo kila ngozi ya Kuka inaharibika. Nje ngumu kama debe, ukikata, katikati ni mbichi na inanuka. Kuka anaongeza magome, inazidi. "Labda haitaki mikono yangu," ananiambianga.

Mwezi uliopita nikapata video kwa simu ya zamani. Kukhu mwenyewe, ako kwa pipa, anamchapa Kuka na maneno:

"Baba Andati, mgeni akifika mlangoni unamrushia tonge la obusuma mdomoni? Si atafunga mdomo! Anza na maji ya zamani, yale yamechoka. Magome mapya ni ya mwisho."

"Si nataka iive haraka, mama."

"Haraka ndiyo ilikupikia miaka hii yote?"

Kuka akacheka na machozi. "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha tena."

"Kuka, si umeshashika?"

"Nilishika ile ya kwanza. Wewe rudisha tu."

Nikakumbuka Jepkorir, mwanafunzi wa chuo hapo Kakamega, alikuwanga anakuja kusomea ngozi kwetu. Alituambia magome hufunga nyuzi ndogo za ngozi pamoja. Maji makali yakitangulia, yanafunga za nje, za ndani hazifikiwi. Kukhu alimpenda, akampea mkoba wa mwisho wenye alishona, wa ngozi ya hilo pipa lake. Siku hizi namba yake haipatikani.

Tukaloweka ingine vile Kukhu alisema, na leo Kuka amenusa hii ngozi mpya, akaishika, akanusa tena. "Ni kama yake. Ama ni vile nataka iwe yake?"

Mimi sijui. Mkoba ndio unajua. Ni wa kahawia, kifungo ni pembe ya ng'ombe. Hatutaki kuuchukua. Aje nao tu siku moja, Kuka aushike na huku ameshika hii.

Tafadhali tumia watu wako hii, nao watumie wao, mpaka imfikie Jepkorir.