Siku Wifi Alipokisugua Chungu cha Mama

Juzi mjukuu wangu alifunika ndoo ya togwa akaisahau nyuma ya mlango, hapahapa Milanzi. Nilipoifunua, ile harufu ikanipanda puani: kali, chachu, kama ndizi iliyoiva mpaka ikachoka. Mjukuu akaziba pua. "Bibi, imeoza hiyo, niimwage?" Mie nikacheka mpaka nikakaa chini. Hakujua harufu ile imenirudisha wapi. Imenirudisha kwetu, upande wa Laela, siku kijiji kizima kilipokuja kwetu kulia msiba, na aliyeliliwa ni chungu.

Msinicheke bado. Sikilizeni.

Mama yangu alikuwa mpika kimpumu, pombe yetu ya ulezi. Anapika uji wa mahindi, unapoa, anatia kimea cha ulezi, anamimina kwenye chungu kikubwa pale kona ya jikoni. Basi. Hamira sisi tulisikia ni ya mikate ya mapadri. Pombe ilichachuka yenyewe, na kazi hiyo ilifanywa na chungu. Ndani kilikuwa na ukoko wa miaka na miaka, mweusi kama gome la mti, na mama hakukiosha hata siku moja. Anasuuza kwa maji kidogo, anamwaga. Mwiko wake nao ulining'inia ukutani na uji umeukaukia. Asubuhi mama akipita anakigonga ubavuni, "Mmeamkaje humo?" Mie, mtoto, nikajua kuna watu wadogo wanakaa humo. Na nilipowasikia wanatokota bila moto, tsss, tsss, puk, nikajua leo wamegombana.

Sasa mwaka huo ng'ombe wa plau alimkanyaga baba, mguu ukavunjika. Baba yuko kwenye kigoda, anaguna tu. Shamba halijalimwa, mvua inakaribia kukata, na kwetu watu hawaji kukulimia na kufukia majani kwenye matuta eti kwa sababu umewaomba vizuri. Wanakuja kwa pombe. Pombe hakuna, shamba hakuna. Shamba hakuna, mtakula nini? Mama akatangaza kazi itakuwa Jumamosi.

Na kaka yangu Deo ndo kwanza kaoa. Kamtoa mke Kirando, ziwani, binti wa wavuvi, anaongea kama anaimba: "Maaama, shikamooo!" Mzuri, mchapakazi, na bi harusi mgeni lazima aonekane na mkono wa kazi. Mama alipokwenda kusagisha kimea, Wifi akanituma maji.

Nilivyorudi nikaidondosha ndoo.

Chungu kiko uani, juani, chekundu pyu, kama kimetoka kufinyangwa jana. Wifi kashika gunzi la mahindi, majivu na mchanga mpaka viwikoni, jasho linamtoka. Ukoko wote kaurundika pembeni, na kuku, jamani, kuku wanadonoa! Mwiko umesuguliwa, unang'aa. Wifi ananichekea. "Mama leo atafurahiiia! Kwetu chungu kikinuka hivi, samaki haingii."

Mie kichwani nasema hivi: kawaua. Kawaua wote, na kuku wanawala.

Mama akatokea na unga kichwani. Akakiona. Unga ukaenda chini, pwaa! Halafu akapiga yowe sijalisikia tena mpaka leo: "Yoooo! Mama weee! Mama wanguuu!"

Mnajua yowe la namna ile kwetu. Watu wakatupa majembe. Wanawake wanakuja mbio, kanga kichwani, wanalia kabla hata hawajajua wanamlilia nani. Mzee jirani kavua kofia, kamwinamia baba kwa sauti ya msibani: "Pole, ndugu yangu. Nani katutoka?"

Baba akaguna. "Chungu kimeoshwa."

"Kimeoshwa?"

"Kwa mchanga."

Mzee alikuwa karudisha kofia, akaivua tena. "Na Jumamosi?"

Shangazi yangu, yule anayeongelea puani, akatoa hukumu: "Deo, mrudishe kwao huyu leo hii, kabla hajatuosha na sisi!" Kaka Deo anaangalia vidole vya miguu yake kama vimeota leo. Wifi kaingia ndani, natazama mlangoni, anafunga kanga zake kwenye kitambaa. "Kilikuwa kinanukaaa," anajisemea. "Kilikuwa kinanuka tuuu."

Mama akapenga kamasi. Akaingia, akamshika Wifi mkono. Nikafumba macho, nikisubiri kofi. Nikasikia: "Weka hizo nguo. Beba chungu, twende."

Twende wapi? Kwa Mama Sikola! Mama na Mama Sikola walikuwa hawasalimiani tangu sijazaliwa. Pombe ya Mama Sikola mama hajawahi kuionja, lakini jina kaipa: maji ya kunawia miguu ya bata.

Mama Sikola, sauti yake nzito kama ya mwanaume, katuona tunaingia. "Leo itanyesha mvua ya mawe." Na mama yangu, huyu huyu asiyeinamia mtu, akapiga magoti kwenye vumbi. "Nimekuja kuomba machicha ya pombe yako, nikakiamshe chungu."

Mama Sikola kaingia ndani, katoka na kibuyu. "Onja kwanza miguu ya bata."

Mama akanywa. Machozi yakaanza kushuka, na safari hii bila kelele.

"Unalia nini?" Mama Sikola kamkemea. "Si ya mama yako hiyo? Alinifungia machicha kwenye jani siku naolewa, wewe ukanuna eti nimegawiwa chako. Ungekuja kuonja zamani." Akamgeukia Wifi. "Na wewe binti, kinga mikono yote miwili. Ukiyaosha haya nakutafuta mwenyewe."

Jumamosi chungu kilitokota. Watu wakalima mpaka mwisho wa shamba, na Wifi hakurudi Kirando.

Mie niliwaza mama analilia pombe. Nimekuwa mtu mzima, nimemzika yeye, ndipo nikasikia lile yowe vizuri. Alisema mama wangu, na alimaanisha mama wake. Marehemu bibi hakuacha picha wala nguo. Aliacha ule ukoko. Basi watu walikuwemo, sikukosea.

Wifi yupo bado, mzee kama mie, na chungu anacho yeye. Mkwe wake akikisogelea na gunzi, anaimba kilekile cha ziwani: "Weka chini hiyooo, nisikurudishe kwenu!"

Ndoo sikuimwaga. Niliigonga ubavuni, mjukuu kanikodolea macho.

"Mmeamkaje humo?"