Jiko la Kopo, Shinyanga Hadi Nyarugusu na Kurudi

Nilitoka nyumbani kwa sababu ya mdogo wangu Masanja. Kwa jambo jingine lolote nisingeondoka, maana mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunukia na watu wanapanda. Hizi ni habari za mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Masanja alikuwa akichimba dhahabu Nyarugusu, upande wa Geita, mwaka wake wa tatu. Ikaja barua, karani amemwandikia: tumbo limemwangusha, amelazwa, ametolewa, lakini miguu haimbebi. Njoo na baiskeli. Dresa, yule msaidizi wa daktari, ameagiza maji yaliyochemka tu, na uji mwepesi wa moto mara nne kwa siku. Akila kiporo au akinywa maji ya dimbwi njiani, hafiki.

Mama yetu alisikiliza barua mpaka mwisho. Hakulia. Akaniambia, "Nenda. Lakini mrudi wawili."

Baiskeli nilikuwa nayo, nimeinunua kwa pamba yangu mwenyewe. Ila kiti cha nyuma ni cha Masanja. Kila kitu kingine, unga, sufuria, blanketi, kitakaa mgongoni mwangu. Ndipo nikaanza kufikiri habari ya jiko.

Mke wangu, Mama Kulwa, alinicheka. "Mafiga matatu yamekukosea nini? Mawe yako kila mahali."

"Wewe umefika Salawe?" nikamuuliza.

"Sijafika."

"Basi nyamaza. Kule mbugani utatembea nusu siku na hutaona jiwe la kumtupia mbwa."

Na ni kweli. Mbuga ile ni udongo mweusi mtupu. Miti ya kwetu nayo serikali ilishaifyeka yote kufukuza mbung'o, mtu anapikia vijiti vya pamba na mavi ya ng'ombe. Tena mafiga yanakula kuni kama moto wa harusi. Nilitaka jiko jepesi, linalokula kidogo, linalowaka penye upepo.

Asubuhi nikaingia mjini. Kwanza nilikwenda duka la Mhindi, akanitolea jiko la mafuta la pampu, shaba tupu, linang'aa. "Hili ndilo Wazungu wanasafiri nalo," akasema.

"Wazungu wana wapagazi," nikamjibu. Chupa ya mafuta nitaiweka wapi, ndani ya unga? Na pampu ikiziba porini, nani ataizibua? Nikalirudisha juu ya meza yake.

Toka hapo nikaenda kwa Fundi Ramadhani, Mnyamwezi wa Tabora, fundi bati aliyekuwa akigonga madebe karibu na stesheni. Akanionyesha jiko la mkaa lenye udongo ndani. Nikalinyanyua kwa mkono mmoja, nikaliweka chini. Hilo ni la mtu anayekaa mahali. Kisha akatoa dogo, la kopo la samli, urefu wake kama kiganja na nusu. Lina mlango ubavuni wa kuingizia kuni, lina miguu mitatu ya kukunja, na ndani yake sahani ya bati iliyotobolewa matundu, ambayo kuni hukaa juu yake na majivu hudondoka chini. Uzito wake ni wa kuku jike. Nikalichukua.

Nililijaribu uani kwangu, kwa vijiti vya pamba. Maji yalichemka upesi, lakini vijiti viliisha kama nyasi, na upepo wetu wa Shinyanga mnaujua. Kesho yake nikarudi kwa fundi.

"Matundu ni mengi. Nitengenezee sahani ya matundu matano."

Alinitazama. "Baba Kulwa, jiko linapumua kwa chini. Ukiliziba pua litakufa."

"Mpishi ni nani, mimi au wewe?"

"Ni wewe."

"Basi toboa matano."

Akatoboa matano. Ile sahani ya kwanza nikamwachia, sikuona kazi yake.

Siku ya kwanza nililala Solwa, ya pili Salawe, kwa mzee mmoja mfuga ng'ombe aliyenipa pembe ya kibanda. Jiko liliwaka kama nilivyotaka, polepole, kijiti baada ya kijiti. Mzee akaja kuchuchumaa kulitazama. "Mwanamume anatembea na jiko," akasema. "Kesho utatembea na kinu."

"Kinu ni kizito, baba," nikamwambia. Akacheka mpaka akakohoa. Nililala nikijiona fundi kuliko fundi.

Siku ya tatu, mbele ya Kharumwa, ndipo miti inapoanza. Pale palikuwa na kizuizi cha mbung'o. Askari wake ana wavu mkononi, kila mpita njia anafagiliwa mgongo na miguu, wadudu wasitoke pori moja kwenda jingine. Alinifagia mimi, akafagia baiskeli, akagonga jiko kwa kidole.

"Hii ni ngoma?"

"Ni jiko."

"Porini kumejaa kuni, wewe unabeba jiko. Wasukuma mna mambo."

Jioni ile mvua ilishuka. Kuni zilikuwepo, hilo askari hakudanganya, ila zilikuwa zimelowa mpaka moyoni. Nikaziingiza mlangoni, jiko likatoa moshi, likatoa moshi, likazima. Nikawasha mara ya pili, likazima. Nikatafuna michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, kwa maji baridi, na tumbo langu halikusema kitu. Lakini kichwa changu kilikuwa kimeshasema: Masanja hawezi kutafuna michembe.

Siku ya nne, saa tano hivi, nikaingia Nyarugusu. Mashimo kila upande, watu wekundu kwa udongo, wanashuka kwa kamba, wanaosha mchanga kwenye makarai. Wasukuma, Wazinza, Waha, hata watu kutoka Tabora. Masanja nilimkuta ameketi barazani mwa kibanda cha nyasi. Nilipita mbele yake kwanza. Sikumjua. Shingo yake ingeenea ndani ya kiganja changu.

"Shikamoo, kaka," akasema.

"Marahaba. Umekula?"

"Sina hamu."

Nikaweka jiko mlangoni pa kibanda, maana nje kulikuwa kunanyesha, nikaanza. Moshi ukajaa ndani. Masanja akakohoa, akajifunika shuka, akasema humo humo ndani ya shuka, "Kaka, umekuja kunichukua au kunikausha kama samaki?"

Kibanda cha pili alikaa Mama Limi, mwanamke wa Kisumbwa aliyekuwa akiwapikia wachimbaji. Yeye ndiye aliyemnywesha Masanja siku zile zote. Aliusikia moshi, akaja. Hakusalimia hata. Alilichukua jiko, akalipindua, majivu yakamwagika mguuni pangu, akatoa ile sahani.

"Nani alitoboa hivi?"

"Niliagiza mimi."

"Kwenu mnapikia nini, nyasi?"

"Vijiti vya pamba."

"Hapa ni mti, baba. Mti mbichi unataka hewa." Akaokota msumari na jiwe.

"Mama, hilo jiko ni langu," nikasema.

"Na mgonjwa ni wa nani?"

Nikamwachia jiko. Mama Limi akapiga msumari mpaka sahani ikawa kama chekecheo. Kisha akanipeleka nyuma ya vibanda. Akanionya tusiokote kuni za chini, zinakunywa maji. Tulivunja tawi lililokufa likiwa bado juu ya mti. Tukalipasua vipande vyembamba vya kidole, tukamenya ganda lenye maji. Za kesho tukazipanga pembeni mwa moto wa leo, zikauke zikisubiri. Akaniagiza nizitie kwenye gunia dogo nilivae kwapani, chini ya blanketi, kama mtu anavyotunza kifaranga.

Tuliwasha tena. Safari hii moto ulivuma. Masanja alikunywa mafunda matatu ya uji, akaweka bakuli chini. Mama Limi akaniambia kwa sauti ndogo, "Ndivyo anavyofanya kila siku. Mafunda matatu. Huyo hafi kwa tumbo, anakufa kwa kukosa kula."

Siku ya tano tukaondoka. Nilimfunga Masanja kwenye kiti kwa kanga ya Mama Limi, mimi nasukuma. "Wabeja, mayu," nikamshukuru kwa Kisukuma, na mimi si mtu wa kushukuru ovyo. Tulisimama mara nne kila siku. Kila mara niliwasha, nikachemsha, nikakoroga. Kila mara mafunda matatu. Kizuizini askari alimfagia Masanja taratibu kama anafagia yai, na safari hii hakutania jiko. Aliuliza tu, "Anakula?" Nikasema, "Atakula." Nilisema kwa nguvu ili Masanja asikie.

Siku ya nane, baada ya Salawe, mbuga ilitukamata. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Udongo mweusi ukajaa kwenye magurudumu mpaka yakagoma, nikawa natoa matope kwa kijiti, hatua kumi, natoa tena. Adhuhuri Masanja akaanza kulala juu ya kiti, kichwa kinaanguka. Nikatazama pande zote. Hakuna jiwe, hakuna mti, hakuna nyumba. Ndani ya gunia langu zilibaki kuni za kupika mara moja tu. Zikizima, hakuna moto mpaka Solwa, na Solwa tusingeifikia siku ile.

Nikamshusha, nikamwegemeza kwenye baiskeli. Miguu ya jiko ikazama matopeni, nikaweka mfuniko wa sufuria chini yake. Masanja nikampa pembe ya blanketi.

"Shika hapa juu. Mvua isiingie."

"Mkono unatetemeka, kaka."

"Acha utetemeke, ila ushike."

Akashika. Niliwasha kwa kipande cha shati langu kikavu. Vile vipande vya Nyarugusu vikadaka mara moja. Nililisha mlango kimoja kimoja, sikuinua macho, mpaka uji ukatokota. Nikamimina. Masanja akanywa mafunda matatu. Akanywa la nne. Nikasikia kijiko kinakwangua bati. Kisha akaninyooshea bakuli.

"Umebaki?"

Nikageuka kukagua gurudumu kwanza, maana macho yangu yalikuwa na moshi. Halafu nikamkwangulia sufuria yote.

Kesho yake tukafika Solwa penye moto, na siku ya kumi tukaingia Shinyanga. Tulipopita stesheni, Fundi Ramadhani aliacha nyundo. Alimtazama Masanja, akalitazama jiko mgongoni mwangu, akanyoosha mkono nimpe. Aliitoa sahani, akaiona ilivyotobolewa. Akainuka, akaifikia ile ya kwanza, ilikuwa imening'inia kwenye msumari ukutani.

"Nilikuwekea," akasema.

"Ulijua."

"Nilijua."

Nikaichukua. Sasa nawaambia ninyi mnaokwenda Geita kwa miguu. Chukueni jiko mnaloweza kulinyanyua kwa vidole viwili. Msilizibe pua. Na mkilijaribu, msilijaribu kwa kuni za kwenu, ulizeni kuni za huko mnakokwenda. Mimi ni mtu mzima, nimejenga nyumba ya bati kwa mikono hii, na hilo nilifundishwa na mwanamke mwenye msumari.

Nyumbani mama alitoka mpaka njiani. Alimshika Masanja shingo, akaipapasa muda mrefu.

"Nani alikupikia?"

"Kaka."

Mama Kulwa na majirani wakacheka, mwanamume kukoroga uji si jambo la nyumbani. Mama hakucheka. Akaketi kwenye kigoda uani, akaniambia, "Washa nione."

Nikawasha, mbele ya wote. Nikakoroga. Mama alikunywa taratibu, bakuli likaisha, akalitazama ndani. Kisha akaninyooshea, kama alivyofanya Masanja mbugani.