Maziwa ya Bihogo

Kule Nyamitaba, kwenye vilima vya Masisi, walikuwepo watu wanne ambao kama hupendi maneno makali, usingekaa nao karibu siku ya Alhamisi. Walikuwa watengenezaji wa fromaji, yaani jibini. Kila Alhamisi asubuhi, wakishakamua, walikutana kwa Papa Grégoire, kila mmoja na fromaji yake kwapani. Inagongwa kwa kifundo cha kidole, wanatega sikio kama kuna uwazi ndani, inakatwa, inanuswa, inaonjwa, na kila mtu anasema kasoro aliyoiona. Kasoro kwanza; sifa baadaye, kama zimebaki. Mama Olga siku moja alitia pilipili kwenye maziwa, akajiona ameleta jambo jipya duniani. Walimcheka hadi machozi yakamlengalenga, halafu wakakaa naye asubuhi nzima wakitafuta kipimo, na leo fromaji ya pilipili ya Mama Olga inaulizwa hadi Walikale. Ndivyo walivyokuzana. Mficha uchi hazai, na wale hawakufichana kitu.

Mwenye ulimi mkali kuliko wote alikuwa Élie Hakorimana, shemasi wa kanisa, mtu wa miaka hamsini na kitu. Alionja akiwa amefumba macho, halafu anakuambia kwamba Jumatatu hukuosha ndoo vizuri. Na kweli, Jumatatu hukuiosha! Aliyechapwa zaidi na ulimi huo ni Jean-de-Dieu, rafiki yake tangu ujana. Walijifunza kazi pamoja, wakaoa mwaka mmoja, na mbele ya fromaji hawakuoneana aibu hata kidogo.

Kisha vita ikapanda kilima chao, kama inavyopanda kila mara. Ng'ombe sita wa Jean-de-Dieu walichukuliwa, na Manzi, mwanawe mkubwa aliyekuwa akiwachunga, akauawa palepale malishoni. Jean-de-Dieu na mkewe Valérie wakakimbilia kwa ndugu zao Kashebere, wakakaa miezi saba. Waliporudi walikuta kuta na nusu ya paa. Mtu wa kwanza kuwatembelea alikuwa Élie. Alimwambia rafiki yake aanze kazi tena, na kwamba kila asubuhi atamletea bidoni moja, yaani dumu, ya maziwa, bure, hadi Mungu atakapofungua mlango. Jumapili kanisani wakamsifu, naye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo shetani alipopata pa kukaa. Élie alikuwa na ng'ombe wanne. Watatu walikuwa wazuri. Wa nne, mwekundu anayeitwa Bihogo, alikuwa na mimba kubwa na maziwa yake yalikuwa yanaelekea kukauka. Kila mfugaji wa Masisi anajua kwamba maziwa ya namna hiyo yana chumvi. Kwenye chai yanapita, lakini ukiyafanyia fromaji, baada ya majuma machache inageuka chungu. Élie mwenyewe hakuthubutu kuyatia kwenye fromaji yake. Bidoni aliyopeleka kwa rafiki yake ilikuwa ya Bihogo, kila asubuhi. Hakuwa na nia mbaya, la. Alijiambia tu kwamba maziwa ni maziwa, na asiye na kitu hachagui. Ah, binadamu! Anakupa kile ambacho yeye hakitaki, halafu anasubiri umshukuru.

Na Jean-de-Dieu asingeyatambua? Siku za nyuma angeyatambua kwa harufu tu. Lakini tangu amzike Manzi, kila kitu kilikuwa kichungu mdomoni mwake, hata chai yenye sukari. Ulimi wake hakuuamini tena. Kwa hiyo majuma machache baadaye, Alhamisi aliporudi kwa mara ya kwanza kwa Papa Grégoire, aliweka fromaji yake mezani akawaambia wazi.

"Munionjee. Kinywa yangu haionje tena muzuri. Sijue kama uchungu iko mu fromaji ao iko mu mimi."

Wakaonja. Fromaji ilikuwa chungu kama dawa ya malaria. Papa Grégoire akatazama meza, Mama Olga akatazama mlango, wote wakimngoja Élie, maana yeye ndiye aliyezoea kuanza. Na Élie alijua. Tangu ilipogusa ulimi wake alijua uchungu ule umetoka kwenye zizi gani. Kuutaja ilikuwa ni kujitaja.

"Iko muzuri, kaka," akasema. "Mukono yako ingali ile ile."

Wengine nao wakaitikia kwamba ni nzuri, nzuri kabisa. Wao walisema kwa huruma. Jean-de-Dieu akawatazama mmoja mmoja, akachukua kisu, akakata vipande vya pili, vikubwa kuliko vya kwanza, akawapa mkononi wale tena. Wakala. Papa Grégoire alimeza bila kutafuna. Mama Olga alitafuna hadi macho yakatoka maji, akasema ni moshi. Jean-de-Dieu akaona alichotaka kuona: uchungu uko kwenye fromaji, na wanamficha. Akawashukuru, akafunga fromaji yake kwenye kitambaa, akaenda.

Alhamisi iliyofuata hakuja, na nyingine hakuja. Na wale watatu waliobaki, mambo yakawaharibikia. Papa Grégoire akisema fromaji ya mtu ina uwazi, mwenye fromaji anajiuliza kama ni kweli. Akisema ni nzuri, ndiyo mbaya zaidi, hakuna anayemwamini. Siku moja Mama Olga akamwambia Élie kwamba wao walikuwa wanamngoja yeye, na kwamba hajui lini Élie amejifunza woga. Élie akakohoa, akasingizia ibada ya wagonjwa.

Kisha bidoni ikaanza kurudi imejaa. Valérie akatuma habari kwamba mume wake ameacha fromaji, anasema mikono yake imekufa pamoja na mtoto, na mwisho wa mwezi atashuka Walikale kutafuta kazi ya kuchimba madini. Kuchimba! Mtu wa miaka hamsini, mwenye mikono inayoweza kujua joto la maziwa bila kipimo. Élie aliposikia hivyo alijiona mwizi. Kama asingesema, rafiki yake angekwenda kuzikwa kwenye shimo la mawe akiamini uongo wake.

Jumamosi alikamua ng'ombe wake bora, akajaza bidoni, akaibeba mwenyewe. Alimkuta Jean-de-Dieu jikoni akichochea moto chini ya sufuria ya maharagwe. Hakukaa. Aliogopa kwamba akikaa atazungumzia mvua.

"Kaka, fromaji yako ilikuwa chungu. Chungu sana. Na haikukuwa mikono yako, ilikuwa maziwa yangu. Nilikupatiaka ya Bihogo, na nilijua."

Jean-de-Dieu akageukia moto, akasukuma kuni ndani. Ndipo Élie akaona kuni zenyewe: mbao za mviringo zenye vitundu, vile vyombo vya kushindilia fromaji ambavyo baba yake Jean-de-Dieu alivichonga kwa mkono wake. Vitano vilikuwa majivu. Cha sita kilikuwa kinawaka upande mmoja. Élie akaingiza mkono motoni akakivuta, akaungua, lakini kilikuwa kimeshapasuka katikati.

"Acha," Jean-de-Dieu akasema. "Nilizani ni mikono."

Valérie, aliyekuwa mlangoni na amesikia yote, akaipua maharagwe. Miaka yote Élie alikuwa akijipakulia mwenyewe katika nyumba ile, akila na Jean-de-Dieu sahani moja. Siku hiyo Valérie alimvutia kiti, akamletea maji ya kunawa, akampa sahani yake peke yake, akamwita Papa Shemasi.